HAKI YA MAJI NA HAKI YA CHAKULA: NANI ATANGULIE WAKATI WA UHABA?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wenu mlilijua kwa mikono kabla ya kulisoma vitabuni, kwa kuwa mmebeba ndoo na madumu. Nalo ni uhaba wa maji. Swali letu ni hili: maji yakiwa hayatoshi kunywa na kumwagilia kwa wakati mmoja, nani atangulie? Mwenye kiu au mwenye shamba? Na akishatangulia mmoja, yule wa pili amebaki na haki gani?

Wengi wetu hujibu haraka kwamba maji ya kunywa ndiyo ya kwanza. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili sisi wenyewe tuliisahau, na aliyetukumbusha ni mwanafunzi mdogo.

YALIYOTUFIKA

Mnaukumbuka mwisho wa mwaka 2022. Jiji letu la Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Ruvu, ambao maji yake huanzia milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mitambo miwili iliyoko mtoni, Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Mvua zilikosekana, mto ukapungua, na mwishoni mwa Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba uzalishaji umeshuka hadi lita milioni 300 hivi kwa siku. Mgao ukaanza.

Mabomba ya mtaani kwetu yalipokauka, watu waliikumbuka madrasa. Tuna kisima cha kuchimba na pampu, maji hupanda kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi huenda sehemu tatu: mabomba ya kutawadhia, jiko, na bustani yetu nyuma ya madarasa. Bustani hiyo ina mchicha, matembele na bamia. Ndiyo mboga ya chakula cha mchana cha wanafunzi, wakiwemo mayatima. Anayeilima ni mzee mmoja tunayemwita Babu. Makubaliano yetu naye ni ya miaka mingi: nusu ya mavuno ni ya jiko, na nusu huuza gengeni ajipatie riziki yake.

Siku ya kwanza kina mama walikuja kumi. Siku ya nne foleni ilikuwa imefika barabarani. Kisima nacho kikaanza kushuka, pampu ikawa inavuta tope. Kamati ikakaa baada ya Isha. Baadhi yetu walisema geti lifungwe, kwani maji ni ya madrasa. Wengine walisema bustani iachwe ikauke ili majirani wanywe. Rai ya pili ilishinda, na asubuhi yake bomba la bustani likafungwa. Tulilala tukiwa na furaha kwamba tumefanya jambo jema.

Baada ya wiki tatu, mwanafunzi wa darasa la pili aliona matuta makavu akamuuliza mwalimu wake: "Sasa Babu atakula nini?" Mwalimu hakuwa na jibu. Swali likaletwa kwenye kamati, na kamati nayo haikuwa na jibu. Ndipo tulipoanza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

HAKI HIZI MBILI NI ZIPI?

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966, unasema katika kifungu cha 11 kwamba kila mtu ana haki ya kupata chakula cha kutosha na kutokuwa na njaa. Maji hayakutajwa kwa jina katika kifungu hicho. Mwaka 2002 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi kwamba maji nayo ni haki, na tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatambua rasmi haki ya maji safi na salama. Jirani zetu wa Kenya waliziandika haki zote mbili, ya chakula na ya maji, katika kifungu cha 43 cha Katiba yao ya mwaka 2010.

Ufafanuzi ule wa mwaka 2002 una jambo la kuzingatia. Unasema matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani yatangulizwe. Lakini unasema pia kwamba maji ya kuzuia njaa na maradhi yapewe umuhimu, na kwamba wakulima wanyonge, wakiwemo wanawake, wasinyimwe maji ya kulimia chakula chao. Kwa hiyo haki ya maji haikuletwa ili iifute haki ya chakula.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inaweka mpangilio. Matumizi ya nyumbani ni ya kwanza, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, yaani mto wenyewe na viumbe vyake, kisha ndipo matumizi mengine ya kiuchumi na kijamii.

HESABU YA KIKOMBE NA SAHANI

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtu mmoja huhitaji kunywa lita 2 hadi 4 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku. Je, chakula chake cha siku moja kinahitaji maji kiasi gani mpaka kikomae shambani? Shirika la Chakula na Kilimo linakadiria lita 2,000 hadi 5,000! Maji hayo ni ya mvua na ya kumwagilia kwa pamoja. Na katika maji yote yanayochotwa duniani kwenye mito, maziwa na visima, takriban asilimia 70 huenda kwenye kilimo.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, maji ya kunywa ni machache mno, kwa hiyo hakuna udhuru wa kumwacha mtu na kiu kwa kisingizio cha shamba. La pili, chakula ndicho kinachokunywa maji mengi kuliko sisi. Unapofunga mfereji wa mkulima, unagusa sahani yake, na baada ya muda utaigusa na ya kwako, kwa sababu mchicha anaokula mtu wa mjini umelimwa na mtu fulani kando ya mto fulani.

UISLAMU UNASEMAJE?

Allah (S.W.) ametufahamisha katika Suratul Anbiyaa, aya ya 30, kwamba amejaalia kila kilicho hai kutokana na maji. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Tazameni vinavyofuatana: maji ya kunywa, malisho ya wanyama, na moto wa kupikia. Hizo ni kiu na njaa zimewekwa pamoja.

Kutokana na mafundisho haya, wanazuoni wa fiqhi waligawa haki ya maji mafungu mawili. La kwanza ni haki ya kunywa, kwa binadamu na mnyama. La pili ni haki ya kumwagilia shamba. Tuyaangalie yote mawili.

Kwanza, kiu. Haki ya kunywa iko mbele ya shamba. Tena iko mbele hata ya udhu. Mtu akiwa na maji machache ambayo yeye, mwenzake au mnyama wake anayahitaji kwa kunywa, huyaacha ya kunywa na kutayamamu kwa udongo. Ikiwa Sala, nguzo ya dini, imewekewa njia nyingine ili mwenye kiu anywe, vipi bustani isingojee? Kwa hiyo wenzetu waliosema geti lisifungwe walikuwa na haki.

Pili, shamba. Katika Sahih Bukhari kuna kisa cha Zubeir (r.a.) na mtu wa Kiansari. Walikuwa wakigombania mfereji wa kumwagilia mitende pale Harra, Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu, la Ansari chini. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubeir anyweshe kisha ayaachie maji kwa jirani yake. Yule mtu akakasirika, akadai kwamba Zubeir amependelewa kwa kuwa ni ndugu. Uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika, naye akamwambia Zubeir anyweshe na kuyazuia maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba. Wanazuoni wameeleza kwamba hukumu ya mwanzo ilikuwa ya upole kwa pande zote mbili, na ya pili ilikuwa haki kamili ya Zubeir. Wakakadiria kiasi chake kuwa maji yafikie vifundo vya miguu.

Hapo kuna funzo kubwa. Aliye juu ana haki, lakini haki hiyo ina kipimo. Ikifika kwenye vifundo vya miguu, inatosha, na zaidi ya hapo ni ya aliye chini. Mtume (S.A.W.) alikataza pia kuzuia maji ya ziada kwa lengo la kuwanyima wengine malisho, kwani anayezuia maji kisimani amemfukuza mfugaji bila ya kumgusa.

Tatu, na hili ndilo lililotushitua. Wanazuoni wana kanuni kwamba dharura haifuti haki ya mtu mwingine. Mfano wanaoutoa ni mtu anayekaribia kufa kwa njaa, akala chakula cha mwenzake bila idhini. Hana dhambi, lakini anadaiwa thamani yake. Na tukumbuke kisima cha Ruma. Waislamu wa Madina walihitaji maji ya kunywa na mwenye kisima alikuwa akiyauza. Hakunyang'anywa. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kwa mali yake, kisha akakifanya cha watu wote. Wenye kiu walikunywa bure, na mwenye kisima alipata bei yake.

Ndugu msomaji, sisi tulichukua maji ya Babu kwa dharura, na hatukumlipa chochote.

MFANO WA FALAJ

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni maneno ya vitabuni, hayawezekani kutendwa. Basi na tuangalie Oman, nchi ambayo familia nyingi za pwani yetu zina jamaa huko. Oman mvua ni chache na mto wa kudumu haupo. Kwa karne nyingi watu wake wameishi kwa falaj, yaani mfereji unaochukua maji ya chini ya ardhi au ya chemchemi na kuyaleta mpaka mjini kwa mteremko tu, bila pampu. Falaj zinazofanya kazi zinakadiriwa kufikia 3,000, na mwaka 2006 falaj tano, mojawapo ikiwa ni Falaj Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Maji ya falaj yana mpangilio. Yanapotokeza juu ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa kunywa na kuteka, na hapo ni ruhusa kwa kila mtu, mwenyeji na mpita njia. Kisha hupita msikitini na mahali pa kuoga na kufulia. Baada ya hapo ndipo yanapoingia mashambani, na huko hugawanywa kwa zamu za muda. Kipimo kimoja huitwa athar, nacho ni kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli na usiku kwa nyota. Zamu nyingine zina wenyewe, na nyingine ni wakfu wa msikiti au wa madrasa.

Mwaka wa ukame, maji yakipungua, wanafanya nini? Mitende iko karibu na inapata kwanza. Mashamba ya mazao ya msimu yako mwisho, na hayo ndiyo yanayopunguzwa. Mazao ya msimu hupandwa tena mwakani, lakini mtende ukifa, mwingine utangojewa miaka. Kila mkulima anajua tangu siku anayopanda kwamba kipande kile kiko katika hatari, kwa hiyo hategemei hapo chakula chote cha watoto wake.

Siri ya falaj ni hiyo: mpangilio ulikubaliwa wakati maji yapo. Ni kama Nabii Yusuf (A.S.), aliyehifadhi nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Anayengoja ukame ndipo agawe, atagawa kwa ugomvi.

TURUDI RUVU

Katika ukame ule wa 2022, wakulima na wafugaji wa bonde la Ruvu waliagizwa wasichepushe maji, ili yafike kwenye mitambo ya jiji. Sisi tulikuwa tukikinga ndoo, tukasema alhamdulillahi. Kwa kanuni tulizozieleza, agizo la kutanguliza maji ya kunywa lina msingi, katika sheria ya nchi na katika fiqhi. Lakini tujiulize. Mwenye shamba kubwa la biashara na mama mwenye tuta la mchicha wa watoto wake, wote ni sawa? Kwa haki ya chakula, hapana. Wa kwanza anapunguziwa faida, wa pili anapunguziwa ugali wake na mboga yake. Na yule aliyefungiwa maji ili jiji linywe, jiji linamdaiwa nini?

Tusisahau pia kwamba uhaba hautokani na mvua peke yake. Misitu ya Uluguru ikikatwa, maji hukimbia kwa mafuriko badala ya kuingia ardhini na kutoka polepole wakati wa kiangazi. Ndiyo maana serikali ilisaini mkataba wa ujenzi wa bwawa la Kidunda mnamo Novemba 2022, bwawa lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 za maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Bwawa ni ghala la Yusuf (A.S.) la maji. Lakini ghala bila mpangilio wa kugawa halimalizi ugomvi.

TULIYOYAFANYA

Kamati ilikaa mara ya pili, safari hii pamoja na Babu mwenyewe na kina mama wawili wa mtaani. Tukakubaliana hivi:

1. Maji ya kunywa na kupikia ni ya kwanza, kwa mwanafunzi na jirani sawasawa, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kila nyumba madumu mawili ya lita 20 kwa siku, mgonjwa na mzazi aliyejifungua huongezewa.

2. Kutawadha ni kwa kopo, bomba la kutawadhia lifungwe. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho ni pungufu ya lita moja. Sisi tulikuwa tukimwaga lita tano na zaidi.

3. Maji ya udhu yasipotee. Tulichimba mfereji kutoka mahali pa kutawadhia mpaka kwenye matuta manne ya karibu. Mchicha na matembele yalirudi, bamia tukaziacha mpaka mvua.

4. Babu alipwe fidia ya wiki tatu zilizopita kutoka mfuko wa madrasa, na mboga yote ya matuta manne iwe yake na ya jiko nusu kwa nusu kama zamani.

Babu alipopewa fedha zile hakusema mengi. Alisema tu kwamba angefunga bomba lile kwa mkono wake mwenyewe kama tungemwita na kumuuliza. Maneno hayo yalituuma kuliko lawama.

Tangu hapo mpangilio huo umeandikwa na kubandikwa kwenye ukuta wa tangi. Unaanza kutumika kisima kinaposhuka chini ya alama nyekundu, bila ya kikao wala mabishano.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, jibu kamili la swali letu ni hili. Mwenye kiu hutangulia. Anayelima chakula cha nyumba yake humfuata, na wa biashara huja baada yao. Na kila anayeambiwa asubiri, aulizwe kwanza, na asiachwe na njaa kwa sababu ya maji aliyotuachia sisi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA DARASANI

1. Nyumbani kwenu mnatumia madumu mangapi kwa siku? Ni mangapi yangeweza kutumika mara ya pili shambani au bustanini?

2. Kwa nini haki ya kunywa ya mnyama nayo imewekwa mbele ya haki ya kumwagilia?

3. Mtaani kwenu maji yakikatika kesho, nani atakuwa wa mwisho kuyapata? Mnaweza kukubaliana nini leo ili asiwe yeye?

Tunamuomba Allah (S.W.) atuteremshie mvua yenye manufaa, azibariki mboga na nafaka zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomnywesha mwenye kiu na kumlisha mwenye njaa, bila ya kumdhulumu yeyote kati yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Jarida la Madrasa